LUGHA HAIOKOLEWI KWA SHERIA PEKE YAKE



Twende Kariakoo asubuhi, tusikilize. Muuzaji Mkinga, mnunuzi Mmakonde, mchukuzi Mzaramo: wote wanapatana bei kwa Kiswahili. Iko mitaa ya Sukuma na Nyamwezi, lakini hakuna anayehitaji mkalimani. Makabila yetu yapita 120, na lugha ya kutuunganisha ni moja. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa lugha hiyo, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa.

Je, sasa tulale? Hasha! Tuitazame Ayalandi, nchi iliyotawaliwa na Waingereza kama sisi. Watu wake walikuwa na lugha yao, Kiayalandi. Shule za serikali zilizoanza mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Wako watoto waliovishwa kijiti shingoni: kila neno la Kiayalandi alama moja, kisha fimbo kwa hesabu ya alama. Mwaka 1845 ikaanza njaa kubwa, ikaua na kuhamisha wasemaji wengi. Mwishowe wazazi wenyewe wakawasemesha watoto Kiingereza, ili wapate kazi.

Katiba ya mwaka 1922 ikatangaza Kiayalandi kuwa lugha ya taifa. Sheria ilikuja, lakini ndimi za watoto zilikwisha kugeuka. Katika sensa ya 2022 watu kama 1,870,000 walisema wanaijua. Wanaoisema kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000.

Na sisi je? Dar es Salaam ni nchi ya Wazaramo, lakini mtoto wa Kariakoo anayesema Kizaramo utamtafuta kwa taa. Shule zetu za sekondari bado hufundisha kwa Kiingereza. Na wapo wazazi wanaomkataza mtoto Kiswahili nyumbani, wakidhani hiyo ndiyo elimu. Kijiti kile wamemvisha wao wenyewe!

Sisi tuliosomea ualimu twajua: samaki mkunje angali mbichi. Kiingereza tujifunze, kiwe chombo chetu, kisiwe bwana wetu. Kiswahili kitawale sokoni, mkutanoni na darasani. Lugha ya bibi isionewe haya nyumbani. Tusingoje tangazo la serikali. Leo jioni, kila mmoja wetu akae na watoto wake, awasimulie hadithi kwa lugha aliyosimuliwa yeye.

Uhuru na Umoja!