Mashindano ya Simu ya Upepo

Leo nataka kuwaelezeni habari ya mashindano yasiyo na uwanja, wala mpira, wala mbio, na washindani wake hawaonani kwa macho. Mmoja yuko Morogoro Mjini, wa pili yuko Japani, wa tatu yuko Brazili. Nao hushindana siku mbili, usiku na mchana, kila mtu ameketi chumbani mwake. Haya ndiyo mashindano ya watu wa simu ya upepo, ambayo siku hizi twaiita redio.

Kwanza yafaa tujue watu hawa ni nani. Si watangazaji, wala si makarani wa posta, wala hawalipwi. Ni watu wa ridhaa: mwalimu, fundi, tabibu, mwanafunzi, au mtu yeyote aliyejifunza kazi ya redio kwa kuipenda, akafanya mtihani, akapewa leseni. Katika Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenye leseni aweza kusemezana na wenzake wa dunia nzima, lakini hana ruhusa ya kufanya biashara hewani, wala kupokea ujira, wala kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe. Kila mmoja hupewa jina lake la hewani, lenye herufi na tarakimu, na mwanzo wa jina hilo huonyesha nchi yake. Zamani za Waingereza majina ya Tanganyika yalianza kwa VQ3, ya Kenya kwa VQ4, na ya Uganda kwa VQ5. Sasa Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Z, na Uganda ni 5X.

Huenda mmoja wenu ataniuliza, "Watu wasiolipwa wamefanya kazi gani ya maana?" Sikilizeni. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi zaidi, kwa kuwa wataalamu wa siku zile waliyaona hayafai kwa safari ndefu. Watu wale hawakununa, waliyajaribu. Mwezi wa Novemba mwaka 1923 Mfaransa Léon Deloy, kutoka mji wa Nice, alisemezana na Mmarekani Fred Schnell, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa mawimbi ya mita mia moja hivi. Kilichotupwa jaani kikawa lulu. Baadaye mawimbi hayo mafupi ndiyo yaliyobeba matangazo ya mataifa hata yakafika vijijini mwetu.

Sasa tuje kwenye mashindano yenyewe. Yaliyo maarufu kupita mengine huitwa CQ World Wide, nayo yalianza mwaka 1948. Herufi CQ ni wito, maana yake, "Namwita yeyote anisikiaye." Hufanywa mara mbili kila mwaka: mwisho wa Oktoba kwa sauti ya mtu, na mwisho wa Novemba kwa nukta na vistari vya Morse. Huanza saa sita ya usiku kwa saa ya Greenwich. Kwetu ni saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Huendelea saa 48, mpaka saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumatatu.

Tuseme kijana mmoja wa Morogoro Mjini ana leseni, ana mashine ya kupeleka sauti yenye nguvu ya wati 100, yaani kama taa moja kubwa ya umeme ya zamani, na ametundika waya wake juu ya miti miwili. Saa tisa ikifika huita. Mtu wa Ujerumani humjibu. Kila mmoja humpa mwenzake tarakimu mbili za kuonyesha jinsi anavyomsikia, kisha humpa namba ya kanda yake. Dunia imegawanywa kanda 40, na Tanzania imo katika kanda ya 37. Wakisha kupeana na kuandika, basi. Huagana, na kijana huita tena. Mazungumzo hayo huchukua muda wa pumzi chache tu.

Alama huhesabiwa hivi. Ukisema na mtu wa bara jingine wapata alama 3. Ukisema na nchi nyingine ya Afrika wapata 1. Ukisema na mtu wa nchi yako hupati kitu, ila nchi huhesabiwa. Mwisho, jumla ya alama huzidishwa kwa jumla ya nchi na kanda ulizozipata. Kwa mfano, mtu akisema na Wazungu 500 wa Ulaya ana alama 1,500. Na kama jumla ya nchi na kanda zake ni 80, hesabu yake ni 120,000.

Hapo ndipo penye ajabu. Mjerumani akisema na Mfaransa hupata alama 1 tu, nao Wafaransa ni wengi. Lakini akimpata mtu wa Tanzania hupata alama 3, na tena hupata nchi ambayo watu wake hewani ni wachache. Kwa hiyo kijana wetu akiita mara moja, hujibiwa na mamia kwa pamoja. Fikirini soko la Morogoro asubuhi, wauzaji wa mboga kutoka Mgeta wote wakikuita kwa jina lako, nawe umetakiwa kulishika jina la mmoja, bila kukosea hata herufi moja. Kazi hiyo haitaki nguvu. Yataka sikio, subira na adabu.

Mahali penyewe napo pana faida na hasara. Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, upande wa kaskazini. Wimbi linalokwenda mbali huondoka karibu na ardhi, kisha hupanda, likagonga tabaka la juu la hewa, likarudishwa chini. Basi kwa wimbi liendalo Ulaya, kaskazini, njia ni nyeupe. Kwa liendalo kusini, mlima umesimama kama ukuta. Tena mwezi wa Novemba ni wakati wa vuli, na kila radi hupiga mshindo masikioni. Mshindani mwerevu hujifunza mambo haya: mchana hutumia mawimbi ya mita 10, 15 na 20, na usiku huhamia mita 40 na 80. Huo ni ujuzi wa jua na hewa ambao kitabu peke yake hakiwezi kumpa mtu.

Jambo jingine ni uaminifu. Mashindano yakiisha, kila mtu hupeleka daftari lake, na madaftari hulinganishwa. Aliyeandika jina vibaya hunyimwa alama zile, tena hutozwa nyingine. Kwa hiyo anayejivunia wingi wa majina bila usahihi hujenga nyumba juu ya mchanga. Na thawabu ni nini? Ni cheti, na heshima ya wenzake. Fedha hakuna.

Basi faida yake iko wapi? Mwezi wa Desemba mwaka 2004 bibi mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andamani, pamoja na wenzake wa ridhaa. Walikwenda kwa furaha tu, ili watu wa dunia wapate kusema na visiwa vile. Tarehe 26 wimbi kubwa likapiga visiwa hivyo, likafika hata pwani yetu ya Afrika. Huko simu zilikatika. Mara ile waliacha mchezo, wakatumia mashine zao kupeleka habari za waliokuwa hai na za waliohitaji msaada. Hawakuwa na muda wa kujifunza siku ile. Walikuwa wamekwisha kujifunza katika mchezo. Nasi wa mkoa wa Morogoro twakumbuka mafuriko ya Kilosa, mwanzo wa mwaka 2010, yalivyoikata reli. Maji yaliyong'oa reli hayashindwi kuangusha nguzo ya simu.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, msingoje mpaka mpate mashine kubwa. Anzeni kwa kusikiliza. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi itawapa sauti kama ya bata. Tafuteni yenye kitufe kilichoandikwa SSB. Mwisho wa Oktoba, amkeni saa tisa ya usiku, chukueni daftari na kalamu, mwandike kila jina mnalolisikia. Lakini kupeleka sauti hewani, ngojeni mpaka mmefanya mtihani na kupewa leseni. Na siku moja mtu wa mbali akisikia 5H, atajua kwamba sauti ile imetoka kwetu, na kwamba mwenyewe ni mtu wa kuaminika.