Meneja Mzuri Hujulikana Kwenye Mizani
Hotuba kwa wanachama wa vyama vya ushirika vya kahawa, Nkubu

 

Mkulima wa Imenti Kusini akishapeleka kahawa kiwandani, hurudi nyumbani na kitu kimoja mkononi: risiti. Pesa huja miezi kadhaa baadaye. Kati ya risiti na pesa yupo meneja. Akiijua kazi yake, karo italipwa. Asipoijua, mkulima atang'oa mibuni apande migomba, kama wengine walivyokwisha kufanya.

Ujuzi wa kwanza ni hesabu. Kwa kawaida kilo 6 hadi 7 za kahawa nyekundu hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Kiwanda kikipokea kilo 70,000, kinatarajiwa kutoa kilo 10,000 hivi. Zikitoka 8,000, meneja mzuri hangoji kuulizwa. Huchunguza kama kahawa isiyoiva ilipokelewa, kama mashine inavunja punje, kama mizani ni sawa, au kama kuna magunia yaliyotoka usiku. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wa pili ni kupanga mapema. Kahawa iliyochumwa leo inatakiwa kutolewa maganda leo. Ikilala kwenye gunia huanza kuchacha, ubora hushuka na bei nayo hushuka. Msimu mkubwa huanza Oktoba, wakati wa mvua. Basi kabla ya Oktoba mashine ziwe zimekaguliwa, mifereji ya maji imesafishwa, meza za kuanikia zimetengenezwa na vibarua wanajulikana. Anayetafuta fundi siku foleni imefika barabarani amekwisha kuchelewa.

Wa tatu ni kuongoza watu. Meneja hawezi kuwa kwenye mizani, kwenye mashine na kwenye meza kwa wakati mmoja. Humpa kila mfanyakazi kazi inayoeleweka, humwamini, kisha hupita kuhakikisha. Karani akikosea huitwa kando akaelekezwa. Hafokewi mbele ya wakulima. Lakini akipunguza kilo za mkulima makusudi, huondolewa kwenye mizani siku hiyohiyo na hatua nyingine hufuata, hata kama ni mpwa wa mwenyekiti.

Wa nne ni kueleza. Mkulima akiona malipo yamepungua bila maelezo, uvumi hujaza pengo. Meneja mzuri hubandika ukutani bei iliyopatikana sokoni na kila makato: kukoboa, usafiri, pembejeo, mikopo na gharama za chama. Hueleza kwa lugha ambayo nyanya wa miaka 70 ataifahamu. Habari mbaya huitoa mwenyewe, mapema.

Wa tano ni kukubali kukaguliwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka na kuwasilishwa kwa wanachama. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vyama vya ushirika miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hiyo mwanachama mwenye malalamiko ana ofisi ya ushirika ya kwenda. Hata hivyo, afisa wa kaunti hawezi kuchukua nafasi ya mwanachama anayekosa kuhudhuria mkutano mkuu.

Kwenye mkutano huo, kila mwanachama na aulize mambo matatu. Kiwanda kilipokea kilo ngapi za kahawa nyekundu, na zikatoa ngapi safi? Katika kila shilingi 100 za mauzo, ngapi zilimfikia mkulima? Taarifa ya mkaguzi iko wapi?

Maswali haya hayahitaji shahada. Meneja anayejua kazi atayajibu kwa dakika chache, daftari likiwa wazi mbele yake. Anayekasirika kwa kuulizwa amejibu pia, na wanachama wana kura.