MFUKO WA SIKU TATU: TUUTAYARISHE KABLA YA MVUA

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wenzetu wa zamu ya usiku na wale wa mashamba ya mbali ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara, ingawa twajua kwamba neno hilo halijaisha. Tumekuja kusema habari za mfuko. Huenda wengine wakacheka, wakauliza, "Je, chama cha wafanya kazi kimekosa la kusema hata kitufundishe kufunga mizigo?" Tunawaomba mtuvumilie kidogo. Watu wa Meru na Embu wana sababu kubwa kuliko watu wengi ya kufikiri juu ya mfuko, na sababu hiyo tumeirithi kwa wazee wetu.

Wakumbukeni wazee waliokuwa wakifanya kazi Nairobi mwaka 1954. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kisha asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wote wa Nairobi. Wakapita mtaa kwa mtaa na vipaza sauti, wakiwaamuru watu wafunge mfuko mmoja tu, waache vingine vyote nyumbani, watoke nje. Waafrika wa makabila mengine walipokwisha kuangaliwa waliachiliwa. Lakini Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walizuiwa. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa vizuizini, Langata, Mackinnon Road na Manyani, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa kwenye wilaya zao. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi, hata ofisi nyingine zikabaki bila watu.

Kuanzia mwaka huo huo, watu zaidi ya milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walihamishwa kutoka katika maboma yao na kutiwa katika vijiji zaidi ya 800. Na Meru pia vijiji hivyo vilikuwako. Wengi walipewa muda mfupi sana wa kuchukua vitu vyao, na nyuma yao nyumba zikateketezwa.

Kwa nini twayakumbusha hayo? Si kwa kutaka kufufua chuki. Twayakumbusha kwa sababu wazee waliopita katika mambo hayo walitufundisha neno moja: mtu aliyeamriwa kufunga mfuko kwa ghafula huchukua visivyofaa na kuacha vinavyofaa. Huyu hubeba sufuria akaacha dawa. Yule hubeba blanketi tatu akaacha karatasi zake zote. Akili ya mtu mwenye hofu ni kama mkono wenye baridi, haishiki vizuri.

Wazee wetu hawakuwa na hiari, kwa kuwa waliofukuza ni watu wenye bunduki. Sisi leo mwenye kutufukuza ni maji. Maji hayana bunduki, lakini hayana huruma pia, na tofauti ni hii, kwamba yeye twajua miezi yake. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na mvua ya vuli huja Oktoba hadi Desemba. Basi mtu akikutwa hana mfuko, atamlaumu nani?

Mwaka 2024 tuliona kwa macho yetu. Siku ya 29 Aprili, kabla ya kupambazuka, maji yalishuka Mai Mahiu yakaua makumi ya watu, wengi wao wakiwa wamelala. Siku tatu baadaye, tarehe 2 Mei, Serikali ikatangaza kwamba mabwawa na mahali pa kuhifadhia maji 178 yamejaa kwa hatari, na wakaao karibu nayo wahame katika muda wa saa 24. Na sisi wa huku twaishi karibu na maji mengi. Katika Mto Tana, mpakani mwa Embu na Machakos na Kitui, yapo mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililomalizwa mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mwaka huo Masinga lilijaa hata likafurika, na watu wa chini wakaonywa wahamie mahali palipoinuka. Tena wale wa juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene, hawakai karibu na bwawa, lakini udongo wao mwekundu ukishiba maji huteleza pamoja na nyumba.

Saa 24 ni nyingi kwa mtu aliyejitayarisha. Kwa asiyejitayarisha ni kama dakika tano.

MFUKO WENYEWE

Mfuko huu si wa kuhama moja kwa moja. Ni wa siku tatu, mpaka maji yapungue au msaada ufike. Kila mtu mzima awe na wake, na uwe wa uzito ambao aweza kuubeba akipanda mlima bila kupumzika. Mfuko wa shule wa kuvaa mgongoni wafaa sana. Mama zetu wajua pia uzuri wa kiondo chenye ukanda wa kichwani, maana huacha mikono yote miwili iwe wazi kwa kushika mtoto na fimbo. Sanduku la kushikwa mkononi halifai.

Ndani yake tuweke hivi:

1. KARATASI. Hizi ndizo za kwanza. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, kadi ya chama, hati ya mshahara ya mwezi uliopita, na nakala ya hati ya shamba. Karatasi zenyewe zisiwekwe wazi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku katika Kenya, lakini mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko cha kubana upo katika karibu kila nyumba. Uoshwe kwa sabuni, ukaushwe juani, karatasi zitiwe humo. Hata ukianguka majini utaelea.

Msidharau neno hili. Mwenzetu mmoja aliokoa kitanda chake na kuku wake wote, lakini kitambulisho kikaenda na maji. Kwenye orodha ya msaada aliulizwa kitambulisho. Benki aliulizwa kitambulisho. Alipotaka kutengeneza laini ya simu aliulizwa kitambulisho. Alituambia kwamba kwa majuma mengi alikuwa kama mtu ambaye hajazaliwa.

2. DAWA. Anayemeza dawa kila siku, iwe ya shinikizo la damu, ya sukari, ya pumu, ya kifafa au ya kupunguza makali ya virusi, aweke ya siku saba, si tatu, maana barabara yaweza kukatika. Aandike jina la dawa na kipimo chake kwenye karatasi. Dawa zilizo mfukoni zitumiwe na kubadilishwa kila mwezi zisije zikaharibika. Tuongeze kitambaa safi cha kufungia jeraha, sabuni na miwani ya mwenye kuihitaji.

3. MAJI. Lita mbili kwa kila mtu kwa safari, pamoja na dawa ya kutibu maji. Ajabu ya mafuriko ni kwamba maji ni mengi na ya kunywa hakuna. Mtoto akishikwa na kuhara, chemsheni lita moja ya maji, yapoe, tieni vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, mkoroge na kumnywesha kidogo kidogo, kisha mumpeleke zahanati. Kwa hiyo sukari na chumvi na kijiko viwemo mfukoni.

4. CHAKULA. Hapa watu wetu hukosea. Githeri na muthokoi ni vyakula vya heshima, lakini vyataka moto wa saa nyingi, na kuni zitakuwa zimelowa. Chukueni kitu cha kuliwa bila moto: njugu karanga, biskuti, mkate. Unga wa wimbi wafaa pia, kwa kuwa kikombe cha uji hakitaki kuni nyingi. Nduma, viazi vitamu na ndizi zilizochemshwa zitiwe juu ya mfuko siku ile ile ya kuondoka, na ziliwe kwanza.

5. NURU NA HABARI. Tochi, redio ndogo na betri za ziada, kiberiti ndani ya kopo kavu, na filimbi. Sauti ya mtu huchoka, filimbi haichoki. Simu ijazwe moto kila jioni wakati wa mvua, lakini nambari za jamaa ziandikwe kwenye karatasi, kwa maana simu iliyozimika haimkumbuki mtu. Andikeni pia 999 na 112 za hatari, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Wekeni fedha taslimu kidogo, noti ndogo ndogo. Mtandao ukianguka, fedha zilizo katika simu hazinunui hata kiberiti.

6. NGUO. Sweta, leso mbili, soksi, blanketi moja nyepesi, na viatu vya mvua kando ya mlango. Leso ni shuka, ni mbeleko, ni kamba, ni pazia la mama anayenyonyesha katika darasa lililojaa watu. Wanawake na wasichana waweke sodo. Hili si jambo la kuona haya, ni jambo la lazima.

Vitu vingine viacheni. Televisheni hainunui mtoto.

KUONDOKA

Mfuko bila mpango ni mzigo tu. Kila nyumba ikubaliane mapema nani atamshika nani. Baba amshike nyanya, mama mtoto mchanga, kijana mkubwa awe na mkebe wa karatasi. Chagueni mahali pa kukutana palipoinuka, shule au kanisa, na njia ya kufika huko bila kuvuka mto. Ng'ombe na mbuzi wafunguliwe kamba mapema, maana mnyama aliyefungwa hufa na aliyefunguliwa hujitafutia.

Wale wa miteremko waangalie dalili. Ufa mpya katika ardhi, miti inayoinama, mlango uliofunga vizuri jana na leo hautaki kufunga, chemchemi inayotokea pasipokuwa na chemchemi, au maji ya kijito kugeuka tope ghafula. Mkiona hayo, msingoje baraza la chifu. Ondokeni, kisha mpelekeeni chifu habari.

Na msivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama dereva anasema anayajua. Tarehe 4 Desemba 2021, ng'ambo ya Tana katika Kitui, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika Mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa, na watu wakitazama ukingoni.

NENO LA CHAMA

Sasa twafika kwenye lile linalotuhusu sisi kama chama. Tuliwauliza wanachama kwa nini watu wengine hukawia kuhama hata walipoonywa. Wachache walisema ni ukaidi. Wengi walisema, "Nikiondoka leo, kesho nitaambiwa nimetoroka kazi." Ndugu zetu, mtu akihesabu uhai wake na ujira wa siku moja katika mizani moja, kosa si lake peke yake.

Basi sikilizeni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema kwamba mfanya kazi aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa pana hatari kubwa iliyo karibu kwa uhai au afya yake, hatafukuzwa wala kuadhibiwa kwa ajili hiyo. Lakini naye ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake juu ya hatari hiyo. Kwa hiyo semeni, na mseme mbele ya shahidi.

Sheria hiyo yahusu mahali pa kazi. Haisemi wazi juu ya siku ambazo mtu amehama nyumbani kwake kwa amri ya Serikali. Pengo hilo ni kazi yetu kuliziba kwa mapatano. Tunaomba mkutano huu ukubali tuwapelekee waajiri mambo matatu, nayo yatiwe katika maandishi: kwanza, siku za kuhama kwa amri zisihesabiwe kuwa utoro, pili, panapo nyumba za wafanya kazi karibu na mto au chini ya mteremko, pawe na kengele na mtu wa zamu wa usiku wakati wa mvua, tatu, kila kambi iwe na orodha ya wakaaji wake, wakiwamo watoto na wagonjwa, ili watu wahesabiwe wakifika mahali pa usalama.

Lakini tusingoje majibu ya waajiri ndipo tufunge mfuko. Mapatano yaweza kuchukua miezi, na mvua haihudhurii mazungumzo.

Wajumbe wa kila idara watapita nyumba kwa nyumba kabla ya mwisho wa mwezi. Hawatakuja kukagua umaskini wa mtu. Watauliza maneno matatu tu: Mfuko uko wapi? Mkebe wa karatasi uko wapi? Mtakutana wapi? Asiye na fedha za tochi au za mkebe aseme bila haya, na tawi litaona la kufanya. Mjane na mzee aliye peke yake wapewe jirani wa kuwachukua, na jina la jirani huyo liandikwe.

Wazee wetu walifunga mfuko huku wengine wakiwahesabia dakika. Sisi tuufunge kwa mikono yetu wenyewe, mchana, na watoto wetu wakitazama wajifunze. Tahadhari ni kabla ya hatari.

 Umoja ni nguvu.