Wayaaku hawakumezwa na Kiingereza

Kila mjadala wa lugha za mama unapoanza, mshtakiwa ni yuleyule: Kiingereza, na siku hizi simu ya mkononi. Mkasa wa Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, kaunti ya Laikipia nchini Kenya, unavuruga kesi hiyo. Hawa walikuwa wawindaji na warina asali. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kufuga na kuoana na majirani wafugaji waliosema Kimaasai, na mahari iliyokuwa ikilipwa kwa mizinga ya nyuki ikadaiwa kwa mifugo. Kijana asiye na ng'ombe, angeoa vipi? Kimaasai kikawa lugha ya mali na heshima. Kiyaaku, chenye maneno tele ya nyuki na asali, kikabaki vinywani mwa wazee wachache. Maendeleo ya wakati ule, msikilizaji, yalikuwa na pembe na kwato.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za kiasili. Ni vizuri. Lakini Kikuyu na Dholuo havisubiri ibara: vina redio, vina matangazo ya biashara, vina wanasiasa wanaovihitaji kila uchaguzi. Kiyaaku hakina hata soko la asali la kukisemea. Ndiyo maana nina shaka na fedha zinazoishia kwenye kamusi na matamasha, ilhali anayerina asali Mukogodo leo hana sababu ya kuiuza kwa lugha ya babu yake.