PANDE JEUPE LINA KAZI
(Maelezo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya kusherehekea miaka 10 ya kikundi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi mpya ambayo kikundi kinataka kuianza mwaka huu wa kumi na moja. Wengi mmezoea kusikia habari za hisa, mikopo na marejesho. Leo tunazungumzia yale mapande meupe mepesi yanayokuja na friji, televisheni na feni. Wengine huyaita stirofomu.

Kariakoo mizigo haikauki. Tangu Mwalimu Nyerere alipofungua jengo la soko mwaka 1975, mitaa inayolizunguka imezidi kujaa maduka. Kila friji ikishafunguliwa, mnunuzi anachukua friji yake na mapande yanabaki barazani. Jioni yanavunjika, upepo unayapeperusha, na mvua ikinyesha yanaishia mtaroni. Na mtaro ukiziba, jamani, maji yataenda wapi? Waliokuwepo Jangwani Desemba 2011 hawahitaji kusimuliwa mafuriko ni nini. Hatusemi mapande haya peke yake ndiyo yaliyoleta mafuriko, lakini mtaro ulioziba hauna msaada kwa mtu.

Mtauliza, mbona chupa zinaokotwa na haya hayaokotwi? Jibu liko kwenye mizani. Vitu hivi hutengenezwa kwa punje ndogo za plastiki zinazoumuliwa kwa mvuke, zinafura kama bisi. Karibu sehemu 98 kati ya 100 ni hewa tupu. Kijana akijaza mkokoteni mzima, mizani itamwonyesha kilo chache tu. Nani atasukuma hewa hadi kwa mnunuzi wa plastiki? Huko Ujapani masanduku ya samaki ya aina hii hukandamizwa kwa mashine yakawa magogo magumu, ndipo yanauzwa. Sisi mashine hiyo hatuna. Hata katazo la mwaka 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, si mapande haya.

Basi tumeona tusiliuze pande kwa uzito. Tulitumie kwa kile lilicho nacho, yaani ile hewa. Hewa iliyofungiwa huzuia joto lisitoke. Ndiyo maana barafu hudumu ndani ya boksi la stirofomu. Na kinachozuia joto lisiingie kwenye barafu ndicho kinachozuia joto lisitoke kwenye sufuria.

Hapo ndipo mama lishe anapoingia. Tunajua sote makaa yanavyomeza faida ya maharage. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa Ulaya walipopungukiwa na nishati, walichemsha chakula kisha wakakifukia katika sanduku lililojaa nyasi kavu, kikaiva chenyewe. Sisi tutatumia kikapu na pande jeupe.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua kikapu kikubwa cha ukili. Panga vipande safi vya unene wa vidole vitatu chini na pembeni, kisha ziba nyufa kwa vitambaa. Tandika khanga kuukuu juu yake ili sufuria isiguse pande, maana pande hulainika joto likikaribia nyuzi 100, na hilo ndilo joto la maji yanayochemka. Maharage yaliyolowekwa usiku yachemke kwa nguvu dakika zisizopungua 20. Hapo usipunje, kwani maharage yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo. Funika sufuria, iweke kikapuni ikiwa ya moto, gandamiza mto juu, na usifunuefunue. Baada ya saa tatu au nne yarudishe jikoni yachemke tena, ndipo uunge.

Kuna mambo mawili tunayakataza. La kwanza, tusitumie pande chafu au lililobeba dawa za wadudu. La pili, na hili tunalisisitiza, tusiwashie makaa kwa pande hili. Linashika moto upesi, ni kweli, lakini moshi wake mweusi una sumu. Moja ya vitu vinavyotoka humo ni stirini, ambayo mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Na anayekaa karibu na jiko ni nani? Ni mama na mtoto wake mgongoni.

Hatudai kwamba kikapu kitamaliza takataka za Kariakoo. Nacho kitachakaa siku moja. Lakini pande litakuwa limefanya kazi miaka kadhaa badala ya siku moja, na makaa yaliyookolewa yatageuka hisa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye maduka, tuwekeeni mapande safi hadi Jumamosi, tutayafuata wenyewe. Wanachama, kubalini mfuko wa jamii ununue vikapu na vitambaa, tuanze na mama lishe wetu. Na kila atakayepata kikapu aandike makaa anayotumia kwa wiki, kabla na baada, ili mwakani tuzungumze kwa hesabu na si kwa maneno.

Haba na haba hujaza kibaba. Kwa haba hizo tumefika miaka 10.