Usomi haupimwi kwa kilo

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo kwa juu juu laonekana ni la maprofesa peke yao, lakini linamgusa kila mzazi anayemsomesha mtoto chuo kikuu. Nalo ni hili: tunamjuaje msomi aliye bora?

Siku hizi jibu limekuwa jepesi. Zihesabu makala alizochapisha, kisha hesabu ni mara ngapi wenzake wamezitaja katika makala zao. Mwaka 2005 mwanafizikia mmoja wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Bwana Jorge Hirsch, alibuni alama inayounganisha hesabu hizo mbili. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imetajwa mara 10 au zaidi, anapata alama 10. Mwenye 20 zilizotajwa mara 20 kila moja, anapata 20. Alama hiyo imeenea dunia nzima.

Sasa na tumpandishe mtu mmoja kwenye mizani hiyo. Peter Higgs alikuwa Mwingereza aliyefundisha fizikia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1964 aliandika makala mbili fupi juu ya swali gumu: chembe ndogo kabisa zinazounda vitu vyote hupataje tungamo? Ya kwanza ilichapishwa. Ya pili, jarida lile lile liliikataa. Akaiongezea maelezo kuhusu chembe mpya ambayo ingepaswa kuwapo, akaipeleka kwa jarida la Marekani, ikatoka mwaka huo huo. Ilikuwa na kurasa mbili tu.

Chembe hiyo ilisubiriwa karibu miaka 50. Tarehe 4 Julai 2012, wanasayansi wa kituo cha CERN, karibu na Geneva, walitangaza kuwa wameipata, kwa mtambo uliomo ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Mwaka 2013 Higgs alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na François Englert wa Ubelgiji.

Na katika miaka yote ile ya kati? Makala alizochapisha baada ya 1964 hazikufika 10. Chuo kilipowataka wahadhiri waorodheshe makala zao za karibuni, yeye alijibu kuwa hana. Mwaka 2013 aliliambia gazeti la The Guardian kwamba kwa taratibu za sasa hakuna chuo ambacho kingemwajiri, maana angeonekana hazalishi vya kutosha. Alifariki dunia Aprili 2024 akiwa na miaka 94.

Tazama basi mizani yetu. Mtu mwenye makala mbili tu, hata zikitajwa mara 10,000 kila moja, alama yake ni 2. Jirani yake mwenye makala 20 za kawaida, zilizotajwa mara 20 kila moja, anampita mara kumi. Lakini wahenga hawakukosea: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu hapa kwetu nako mhadhiri hapandi cheo bila makala, na kila makala ina pointi zake. Mtu akijua anahesabiwa, atajifunza kuhesabika. Utafiti mmoja ataukata vipande vitatu ili zitoke makala tatu. Atajitaja mwenyewe kila ukurasa, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wengine hukimbilia majarida yanayochapisha chochote, almuradi mwandishi amelipa. Na mwanafunzi anayengoja kufundishwa na kusahihishiwa kazi zake hana pointi, hivyo anawekwa mwisho wa foleni. Hapo ndipo ada ya mzazi inapopotea.

Sisemi hesabu itupwe. Bila hesabu yoyote, vyeo vingegawiwa kwa kujuana, na mvivu naye angejiita Higgs. Si kila anayekaa kimya ana jambo kubwa kichwani. Ninachosema ni kwamba hesabu ianzishe mazungumzo, isiyafunge. Hata Bwana Hirsch mwenyewe, mwaka 2020, aliandika kwamba alama aliyoibuni inaweza kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia.

Basi kamati zetu za kupandisha vyeo zifanye lililo zito kidogo. Zimwambie mhadhiri alete kazi zake tatu anazozionea fahari, kisha watu wanaoijua fani yake waketi wazisome. Wawaulize pia wanafunzi wake wamejifunza nini. Kazi hiyo inachukua muda, lakini ndiyo kazi ya kamati. Kuhesabu hata karani anaweza. Kusoma kunahitaji msomi.