HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: KERO ZA MJI WETU ZINAAMULIWA WAPI?

Imetumwa kwa wanachama wote wa tawi, pamoja na wale ambao hawakufika mkutanoni. Tafadhali isome yote kabla ya kujibu, na umsomee jirani asiye na simu janja.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi,
Mheshimiwa Diwani wetu,
Wenyeviti wa mitaa mliopo,
Wazee wetu, akina mama, vijana,
Ndugu wanachama,



Daftari la kero la tawi limejaa. Wiki hii nimelisoma lote. Ghuba la taka pale sokoni limefurika hadi funza wanafika kwenye meza za mboga. Mtaro wa njia ya zahanati umeziba na masika yanakaribia. Mama lishe wa stendi wanatozwa ushuru bila kupewa risiti. Kikundi cha vijana hakijui ombi lake la mkopo limefikia wapi. Na chini ya karibu kila kero yameandikwa maneno yale yale: "Diwani afanye kitu."

Afanye nini, kwenye kikao gani, kabla ya tarehe gani, hilo halijaandikwa. Ndilo ninaloomba tulizungumze leo, kwa sababu baraza la madiwani la robo hii linakaribia, na tukiendelea hivi tutafika na kelele wakati wenzetu wamefika na karatasi.

*1. KWA NINI BARAZA LIPO*

Wapo wanaosema taka na mitaro ni mambo madogo, chama kishughulike na mambo makubwa. Wazee mtanikumbusha kwamba nchi hii iliwahi kukaa bila halmashauri. Mwaka 1972 ulipoanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Shughuli zikawa mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu. Huduma za mijini zikadorora. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria ambazo ndizo msingi hadi leo: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji, na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kwa hiyo ghuba la taka si jambo dogo. Baraza lilirudishwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

*2. KILA KERO INA MLANGO WAKE*

Kero nyingi zinakufa kwa kupelekwa mlango usio wake. Shikeni hivi:

- Taka, soko, stendi, machinjio, leseni za biashara na vibali vya ujenzi ni vya Halmashauri ya Mji.
- Barabara za mitaani na mitaro yake ni za TARURA, tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017.
- Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS.
- Maji ya bomba ni ya mamlaka ya maji. Umeme ni wa TANESCO.

Mtaro wa njia ya zahanati, kwa mfano, umeandikwa kwenye daftari letu mara nyingi kuliko kero nyingine yoyote, na kila mara analaumiwa mkurugenzi. Mtaro huo ni wa TARURA. Diwani anaweza kudai taarifa ya TARURA barazani na kuuliza mtaro umo kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka huu au haumo. Swali hilo likiulizwa kabla ya mipango kufungwa lina faida. Likiulizwa maji yakiwa yameshaingia zahanati, ni malalamiko tu.

*3. SAFARI YA JAMBO MOJA*

Tuchukue ghuba la sokoni, ambalo kweli ni la halmashauri, tulifuate.

Hatua ya kwanza ni mtaa. Kamati ya mtaa, yaani mwenyekiti na wajumbe tuliowachagua, inajadili na mtendaji wa mtaa anaandika muhtasari. Hatua ya pili ni Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapo diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hatua ya tatu ni kamati za kudumu za halmashauri. Jambo la taka linaangukia kamati ya mipango miji na mazingira, na likihitaji fedha linapita kamati ya fedha, ambayo hukutana kila mwezi. Hatua ya nne ndiyo baraza lenyewe, ambalo kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu.

Barazani kunasomwa taarifa za kata, kunajadiliwa taarifa za kamati, na kuna maswali ya madiwani. Lakini kuna ajenda moja ambayo wengi wetu hatuijali, nayo ni *yatokanayo*. Hapo ndipo mkurugenzi anaeleza yale yaliyoagizwa kikao kilichopita yamefanyika au hayajafanyika, na kwa nini. Jambo lililoandikwa kwenye muhtasari linarudi kila robo mpaka lipate jibu. Jambo ambalo halikuandikwa halina yatokanayo. Limekufa.

Ndiyo maana diwani anayesimama barazani na kupaza sauti juu ya ghuba ambalo halimo kwenye taarifa ya kata yake amechelewa hatua tatu. Ataambiwa, "Limepokelewa, wataalamu walifanyie kazi." Watu watapiga makofi, video itasambaa, na gari la taka halitakuja.

Tukumbuke pia kwamba diwani hana fungu la fedha mfukoni. Madiwani wanaamua na kusimamia. Wanaotekeleza ni mkurugenzi na wataalamu wake, na mkurugenzi hakuchaguliwa na sisi, ameteuliwa. Kinachomfunga ni azimio lililoandikwa na bajeti iliyopitishwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na baraza hupitisha makisio miezi kadhaa kabla ya hapo. Anayeleta ombi la kontena jipya la taka baada ya makisio kupita, mara nyingi amejiandikisha kwenye foleni ya mwaka mwingine.

*4. USHURU BILA RISITI*

Ndugu zangu wa stendi, ushuru unatozwa kwa sheria ndogo. Sheria ndogo inapendekezwa na halmashauri, wananchi wanatangaziwa ili walete maoni na mapingamizi, inapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana aidhinishe, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo kiongozi yeyote, awe wetu au wa chama kingine, akisimama jukwaani na kusema "kuanzia kesho msilipe", anawaponza. Kiwango kikiwa kikubwa tunakipinga kwa njia hiyo hiyo kilivyoingia, na wakati wa kupinga ni tangazo linapobandikwa.

Lakini risiti ni haki yenu leo. Usipopewa risiti ya mashine ya POS, andika siku, saa na mahali, na ulete kwenye tawi. Usiandike kwa hasira, andika kwa usahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha isiyo na risiti haifiki akaunti ya halmashauri, na ikikosekana huko, inakosekana kwenye mafuta ya gari la taka.

Na vijana wanaosubiri mkopo wasikilize hapa. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni pamoja na ushuru ule ule wa stendi na soko. Kila ushuru unaoishia mfukoni mwa mtu umepunguza fungu lenu kabla hamjapewa fomu. Kuhusu ombi lenu lenyewe, kaulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata limefika hatua gani na limepungukiwa nini, mpewe jibu la maandishi. Msimpigie diwani simu usiku mkimwomba "awasukumie".

*5. VIZIMBA VYA SOKO*

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba tuvumiliane.

Ofisi ya tawi imepokea maombi ya baadhi ya wanachama kwamba vizimba vya soko vikigawiwa, chama kipate vyake na kiwape wanachama waliofanya kazi ya uchaguzi. Nimeombwa nimpelekee Mheshimiwa Diwani orodha.

Sitaipeleka. Kamati ya siasa ya tawi imekubaliana nami, na nawaeleza mbele yake akiwa amekaa hapa.

Kizimba ni mali ya halmashauri. Kinatangazwa, kinaombwa, kinapangishwa kwa mkataba, na kodi yake inaingia kwenye mapato ya mji. Tukiingiza orodha ya chama, mama anayeuza nyanya chini kwa miaka mingi atapita pembeni, na kizimba kitachukuliwa na mtu mwenye kadi ambaye hana hata fungu moja la mchicha, kisha atampangisha yule mama kwa bei ya juu. Tunajua mchezo huo unavyochezwa kwenye masoko. Yule mama ana kura, ana wanawe, ana majirani. Na hata asingekuwa na kura, ni haki yake.

Mwanachama anayetaka kizimba aombe kama mwananchi. Tawi litamsaidia kusoma tangazo na kujaza fomu, kama litakavyomsaidia asiye mwanachama. Na madai yetu barazani yawe mawili: majina ya waliopata yabandikwe ubaoni, na anayepangisha kizimba kwa mtu mwingine kinyume cha mkataba anyang'anywe.

*6. DIWANI NI WETU, BARAZA NI LA WATU*

Madiwani wa chama hukutana kabla ya baraza ili kuwa na msimamo mmoja. Hilo halina ubaya. Ubaya unakuja pale kikao hicho kinapogeuka kuwa mahali pa kukubaliana nini kisiulizwe. Hoja ya ukaguzi ikinyamaziwa ndani ya chama, barazani watu wanasikia neno moja tu, "tunaafiki", na muhtasari unabaki safi huku fedha haijulikani ilipo.

Mheshimiwa Diwani, nasema haya kwa heshima. Tulikutafutia kura nyumba kwa nyumba, na tutakutetea ukionewa. Lakini hatutakulinda kwa kunyamaza. Tunakulinda kwa kukupa taarifa sahihi mapema, ili ukisimama barazani, uwe na tarehe, mahali na muhtasari wa mtaa mkononi. Diwani mwenye karatasi haogopi kupuuzwa, na hahitaji kupiga kelele.

Najua yupo atakayesema, "Katibu, kazi ya tawi ni kushinda uchaguzi, hayo mengine ni ya wataalamu." Namjibu kwamba kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna miaka mitano, na katika miaka hiyo baraza linakaa kila robo. Mwananchi hatusubiri siku ya kampeni ili atupime. Anatupima kila asubuhi anaporuka maji machafu kwenda kazini.

*7. TULIYOAZIMIA*

Mkutano umekubaliana yafuatayo, na yanaanza kutumika leo:

1. Kila kero itakayoandikwa kwenye daftari itaje mambo manne: ni nini, iko wapi, tangu lini, na imeshapelekwa kwa nani. Isiyo na manne haya, katibu atairudisha kwa mwenyewe amalizie.

2. Kila mtaa utoe wanachama wawili wa kuhudhuria mikutano ya mtaa na kuhakikisha kero zetu zimeingia kwenye muhtasari. Mmoja awe mwanamke.

3. Mheshimiwa Diwani atatusomea taarifa ya kata kabla haijapelekwa barazani. Baada ya baraza, ndani ya siku saba, ataleta majibu ya yatokanayo hapa tawini. Amekubali mbele ya mkutano.

4. Wanachama watatu watakwenda kusikiliza baraza la robo hii. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Mtakaa kimya, mtaandika, hamtazomea mtu wa chama chochote.

5. Barua kuhusu mtaro wa zahanati iende TARURA wiki hii, nakala kwa mtendaji wa kata. Kamati ya mtaa ndiyo itakayoisaini, si tawi, kwa sababu mtaro ni wa wakazi wote.

6. Hakuna orodha ya chama ya vizimba. Atakayechukua fedha za mtu kwa ahadi ya kizimba ataitwa mbele ya kamati ya maadili.

Ndugu wanachama, kazi hii haina maandamano wala matarumbeta. Ni kazi ya kukaa kwenye benchi, kusikiliza ajenda ndefu, na kuuliza kwa adabu, "Lile la robo iliyopita limefikia wapi?" Tukiuliza robo nne mfululizo, na wenzetu wa mitaa mingine wakiuliza, ofisi itaanza kuandaa majibu kabla hatujafika.

Wanaojitolea kwa azimio la 2 na la 4 walete majina kwa katibu hadi Jumamosi jioni.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi